Saa Aliyovalishwa Zaharia

Asubuhi ya arobaini ya mumewe, Aglaia alichemsha ngano, akaichanganya na sukari na kokwa za jozi zilizosagwa, akaisawazisha kwenye sinia na kuchora msalaba juu yake kwa kakao. Kisha akafuta meza, akazitoa saa za mkono za marehemu Zaharia na kuziweka mbele yake, moja kushoto na moja kulia.

Ya kushoto ilikuwa ya kutia ufunguo, kioo kimekwaruzika, mkanda wa ngozi umeiva kwa jasho la miaka. Ya kulia ilikuwa saa janja, nyeusi tii, aliyoituma binti yao Cosmina kutoka Hispania baba yake alipoanza kuugua, ili ayaone mapigo ya moyo wake kwenye simu huko huko kwenye mashamba ya watu anakochuma stroberi. Zaharia hakuitoa hata kwenye boksi. "Mtoto akitaka kuujua moyo wangu, aje auguse," alisema, na mwezi haukuisha akafa. Cosmina hakuja mazikoni. Stroberi zilikuwa zimeiva.

Pale Poienile, kijiji cha Romania kilichobakiwa na wazee na paka, kila mtu anajua kwamba kitu unachokitoa sadaka kwa jina la marehemu, pamoja na mshumaa unaowaka, ndicho atakachokuwa nacho huko aliko. Aliye hai anakivaa hapa, naye anakivaa kule. Mjane wa mhunzi aliwahi kutoa viatu kwa haraka bila kuvitazama, vyote vya mguu wa kushoto, na mhunzi akawa anakuja kila magharibi akichechemea mpaka alipotolewa vingine. Kwa hiyo Aglaia alikuwa na jambo moja tu la kuamua: Zaharia avae saa ipi.

Jibu alilijua. Lakini tangu aolewe alikuwa akilala huku ile ya ufunguo ikigonga chini ya mto, na bila mlio ule nyumba ilikuwa kimya mno. Tuseme ukweli, alimnyima mumewe. Akajitetea kwamba zawadi ya mtoto haitupwi, akawasha mshumaa, akampa jirani yake Ilarion ile saa janja.

"Mungu amrehemu Zaharia," alisema Ilarion, akaivaa hapo hapo.

Alhamisi jioni Zaharia akaja. Alifuta viatu mlangoni, akaketi kwenye kiti chake karibu na jiko, akainua mkono.

"Aglaia, ni kitu gani hiki umenivalisha?"

"Saa. Zawadi ya mwanao."

"Saa gani inayonifokea? Nikilala inatetemeka: simama! Nikisimama: tembea! Jana imeniambia nivute pumzi. Nivute pumzi, mimi! Wenzangu pale wamecheka mpaka udongo umetitia."

"Si uivue?"

"Nitaivuaje wakati Ilarion ameivaa? Yule bwege anaoga nayo."

Aglaia akammiminia kiglasi cha pombe ya plamu. "Sasa wewe mzee umekuja kunisalimia au kulalamika?"

"Nimetumwa na saa. Ilikuwa inataka hatua."

Tangu hapo akawa anakuja kila jioni, kwa kuwa Ilarion alikuwa mtu mwaminifu na hakusahau kuichaji. Aglaia, Mungu amsamehe, alifurahi. Alianza tena kupika supu ya watu wawili.

Haikupita wiki, Cosmina akapiga simu.

"Mama! Baba anatembea! Naona hapa, makaburini mpaka nyumbani na kurudi, kila siku!"

"Ndiyo, anakuja. Amechoka sana."

"Amechoka wapi, mama, mbona anavuka lengo! Moyo tu ndio hausomi."

"Amekufa, mwanangu."

"Najua. Lakini kwa anavyoendelea vizuri hivi, roho yangu imetulia. Nilikuwa nije Pasaka, ila bosi anatafuta watu wa kubaki, nikamwambia kwetu wote hawajambo."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, Cosmina."

"Kwani kuna nyoka hapo?"

"Hapana," alisema Aglaia.

Jioni ile Zaharia alisinzia kitini. Alipokuwa hai alikuwa mtu wa usingizi wa pono, na Aglaia alimtazama kidevu kikishuka kifuani, macho yakifumba. Hayajafumba sawasawa, saa ikatetemeka mkononi, naye akainuka na kuanza kuzunguka meza. Aglaia akamhurumia kuliko siku aliyomfumba macho mwenyewe.

"Nipe ile yangu," alisema Zaharia akizunguka.

"Nikikupa, utakuja tena?"

"Nitalala, Aglaia."

Kesho yake aliwasha mshumaa wa pili, akaitoa ile saa chini ya mto, akampa Ilarion. Ikabaki shida ya saa janja, maana sadaka haidaiwi na hairudishwi. Ilarion akakuna kichwa, akasema hairudi kweli, lakini yeye anaweza kuitoa upya kwa jina la maiti wake mwenyewe. Akawasha mshumaa wake, akamvalisha Aglaia saa kwa jina la mama yake, Safta, ambaye enzi za uhai wake alikuwa kiguu na njia, hata kifo kilimkuta langoni na kikapu mkononi. Magharibi ile Safta akapita kando ya uzio akiwa mwenye furaha, akarudi, akapita tena. Zaharia hakuja.

Wiki ya Pasaka Aglaia alianguka kwenye ngazi ya stoo akishusha viazi, akavunjika nyonga. Daktari alisema atapita baada ya sikukuu. Ilarion akamletea yai jekundu la Pasaka, akaliweka karibu na kitanda, akaenda kanisani. Safta alipopita dirishani, Aglaia alimwomba maji.

"Ningeingia, Aglaia, mama," alisema Safta bila kusimama, "ila saa imeniambia bado hatua kidogo tu."

Simu ikalia.

"Kristo amefufuka, mama!"

"Kweli amefufuka. Mwanangu, nimeanguka. Siwezi kusimama."

Cosmina akacheka. "Mama nawe! Si uliniambia saa unaivaa wewe sasa? Umezunguka kijiji kizima tangu alfajiri, naona hapa. Umefika mpaka kwa padri!"

"Huyo ni Safta."

"Mama yake Ilarion? Si alishakufa?"

"Ndiyo."

Upande wa pili makreti yalikuwa yakipangwa, na mtu akaita jina la Cosmina.

"Moyo tu ndio hausomi, mama. Mkanda umelegea. Ukaze, eh? Mwakani nitakuja, ukiwa na nguvu hivi hivi."

Aglaia akakaza mkanda tundu moja. Saa ikatetemeka, ikampongeza. Akaiweka sikioni. Haikuwa na mlio.