Pua ya Marehemu Teiji

Fusae alikuwa na mdomo, lakini asubuhi ile alibaki kutazama chini tu. Pua ya marehemu mume wake ilikuwa imeanguka majanini.

"Umemng'oa pua kaka yangu," alisema Kinuyo, wifi yake, bila hata kuacha kugonga jiwe lake. "Umemsumbua miaka arobaini akiwa hai, sasa unamfuata mpaka kwenye jiwe!"

"Gonga lako, wifi. Masikio hayo au mabakuli?"

Hekalu la mlimani lilikuwa limewaruhusu waumini, hata wasiojua kushika nyundo, wachonge kila mmoja mwanafunzi mmoja wa Buddha katika jiwe, akae nje huko, mvua imnyeshee. Sura ni hiari yako. Wengi huchonga marehemu wao. Hawa wawili basi wakamchagua marehemu mmoja, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Fundi Muneharu, mwalimu wao, alichoka kukimbia huku na huku kuamua ugomvi, akawaketisha uso kwa uso.

Kinuyo alichonga kwa ubishi tu. Fusae alikuwa na lake moyoni. Teiji hakupenda picha. Zote alizoacha amenuna kama anasubiri kung'olewa jino. Na kicheko chake, kile kilichomfanya Fusae akubali posa, kilikuwa kinamtoka kichwani kidogo kidogo. Kila akiamka alifumba macho akitafute, na siku nyingine hakukipata kabisa. Aliogopa, jamani. Alitaka akiwahi akiweke kwenye jiwe kabla hakijafutika.

"Usiililie pua hiyo," alisema fundi, akiitazama pale majanini. "Rudisha uso wote nyuma kidole kimoja. Pua nyingine imo humo ndani."

Fusae akashika tindo, akaanza upya. Miezi mitano waligonga, wakila matonge ya wali na kusemana.

Siku ya kuyafungua macho mawe, ndiyo kuyabariki, ikafika. Mtawa mkuu alipita akisoma sala, akichora hewani kwa brashi kavu mbele ya kila uso. Alipofika kwa Fusae brashi ikasimama. Akalitazama jiwe, akamtazama Kinuyo, akakohoa.

"Huyu ni nani, mama?"

"Mume wangu."

Fundi Muneharu akajikuna kisogo. "Kosa langu. Anayeanza kuchonga, mkono wake hufuata kilicho mbele ya macho. Sikupaswa kuwakalisha uso kwa uso vile."

Watu wakasogea. Lo! Jiwe la Fusae lilikuwa Kinuyo mtupu, mashavu na kidevu chake. Na la Kinuyo lilikuwa Fusae, mdomo wazi, katikati ya maneno.

"Ala! Yaani miezi yote hiyo nimekuchonga wewe?" alifoka Kinuyo. "Hata kwenye jiwe hunyamazi!"

Fusae alilishika jiwe lake. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nimemkosa," alisema. "Nimemkosa kabisa."

Kinuyo akajitazama pale kwenye jiwe, kichwa kimenyolewa kitawa, amekaa kwa heshima zote. Akajikaza, wapi! Pua ikajikunja, mabega yakapanda, pumzi ikakwama, kisha kicheko kikamtoka kwa mlio mwembamba mpaka akashika mbavu.

Fusae akaganda. Miaka yote hiyo, kati yao palikuwa na vijembe tu. Hakuwahi kumtazama mwanamke huyu akicheka. Ndicho. Ndicho chenyewe, kile cha Teiji, na mabega yale yale.

Akamshika mkono. "Wifi, usiache. Cheka tena."

"Nicheke nini tena? Umenipa upara!" alisema Kinuyo, akaangua tena, na Fusae akamsogelea karibu amwone vizuri.