Majua Mawili Katika Picha Moja

Katika studio ile kila mtu aliijua sheria: picha moja, jua moja. Atakayemulika picha kutoka pande mbili atalifua kwa mikono pazia kubwa linalotundikwa nyuma ya wateja, na mashine ya kufulia haitaguswa.

Mrembeshaji wa picha, mwanamke mwenye mtoto wa kunyonya, hakuwahi kulifua. Ustadi wake ulikuwa katika rangi zinazofifia. Alianza na rangi ya chungwa bivu pembeni mwa picha, akaivuta kwa kipanya ikageuka waridi, kisha ikayeyuka kama maziwa ndani ya chai, hata uso wa mteja ukang'aa pasipo kuonekana mahali nuru ilipokoma.

Siku moja akairembesha picha ya nyumbani kwake. Mtoto alikuwa katikati. Kushoto mama mzazi wa mrembeshaji, kulia mama mkwe wake. Hao wawili ndio waliompokezana mtoto ili yeye aende kazini. Mmoja akisusa, kazi imekwisha. Kwa kuwa dirisha lilikuwa kushoto, nuru aliianzisha huko, kama ipasavyo.

Mama mkwe alivaa miwani, akatazama, akavua.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama."

"Mbona kwa mzazi mwenzangu kunapambazuka, na kwangu kunakuchwa?"

Mama mzazi akaficha kicheko katika mtandio. "Jua lina macho, mzazi mwenzangu."

"Basi na likusaidie kubadilisha nepi. Mimi kesho narudi kwangu."

Rangi zikageuzwa, zikaanzia kulia. Sasa mama mzazi ndiye aliyeuliza mkoba wake wa safari uko wapi. Ndipo binti akaianzisha nuru kwa mtoto, ififie kwa duara kuelekea pande zote sawasawa. Haki iliyoje! Mabibi wakakubaliana kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Mtoto amekuwa taa ya barabarani," alisema mmoja.

"Na sisi nguzo," akamalizia mwenzake.

Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakusoma shule. Huyu aliyesoma akaketi kazini, akawasha majua mawili, moja kila upande. Mabibi walipoletewa picha hiyo walifurahi mno, maana kila mmoja alitazama uso wake tu. Kwamba pua ya mtoto iling'aa huku na huku kama kijiko kilichosuguliwa kwa jivu, hakuna aliyeona.

Mwenye studio aliona. Aliinama mbele ya kompyuta, mikono nyuma.

"Dirisha liko wapi hapa?"

"Kushoto, mzee."

"Na huyu wa kulia anamulikwa na nini?"

"Na hofu yangu, mzee."

Mzee hakucheka, ingawa masharubu yalimtikisika. "Futa jua moja, nami nitakusamehe."

Mwanamke aliutazama uso wa mama, akautazama wa mkwe, kisha akakunja mikono ya gauni.

"Karai liko wapi?"

Alilifua pazia uani, akalisuuza, akalikamua hata vidole vikakunjamana. Lilipokauka, mzee alilikagua pindo kwa pindo, akalinusa, akalitundika mwenyewe mahali pake.

"Umelipa," alisema. "Kesho uje mapema."

"Nitakuja, mzee. Walezi ninao."