Mkasi Niliouongeza Kwenye Sinema

Mdomo wangu umenitia matatani mara nyingi, lakini safari ile ulinitia ndani ya ghala la nazi. Wala sina wa kumlaumu. Niliyasema mwenyewe, kwa hiari yangu, tena huku nikicheka.

Mie ni Nassibu, fundi cherehani. Zamani hizo, Mwingereza bado yupo, tulikuwa tukishona barazani kwa mama yetu, Bi Mwanakombo, hapa hapa Temeke, mie na pacha wangu Marijani. Sura moja, sauti moja, hata kukohoa kumoja. Mama alitulea kwa mila ya mapacha: anachopata huyu apate na yule, la sivyo mmoja ataugua. Nikinunuliwa kofia, Marijani naye ananunuliwa. Nikichapwa, Marijani naye anachapwa, hata kama alikuwa amelala. Mila nzuri sana hiyo, hasa kwa mtukutu.

Kitu kimoja tu kilikuwa changu peke yangu. Jumbe Mwinshehe, mkubwa wa mtaa wetu, alikuwa amekubali kunioza binti yake Hamisa, na harusi imepangwa baada ya Maulidi. Nilivimba kichwa mpaka kofia zikanibana.

Jumapili moja mie na Marijani tukaenda mjini kwa miguu kutazama sinema ya Wazungu. Matajiri wanakutwa wamekufa, mmoja baada ya mwingine, jeraha shingoni, na hakuna kilichoibwa. Polisi wanamkamata daktari mmoja, wanamfungia. Kesho yake anakufa tajiri mwingine vilevile. Kumbe daktari ana pacha, naye ameiga mauaji ya nduguye ili nduguye aonekane hana hatia! Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo hayo niliyaelewa kwa macho, na pale macho yaliposhindwa nilijazia.

Nilipowasimulia watu barazani nikajazia zaidi. Kwenye sinema muuaji alitumia kisu. Mie nikasema mkasi, kwa sababu nilikuwa na mkasi mkononi, na nilipoufungua na kuufunga hewani wanawake walipiga yowe. "Mkasi wa fundi," nikasema, "kama huu huu!" Na ili kunogesha, nikamshika Marijani bega: "Na mwigaji ni pacha wake!" Watu wakapiga makofi. Kesho yake wakaja na majirani zao, nikarudia. Nilijiona mtu mkubwa mjini.

Wiki haikwisha, majogoo wa mtaani wakaanza kufa. Jeraha shingoni, nyama haikuliwa. Kabla ya sinema ile, kuku akifa Temeke watu walisema nguchiro, wakatega mtego, basi. Sasa kila mtu akasema, "Mkasi!" Mama peke yake ndiye aliyeng'ang'ania kuwa ni nguchiro, nami nikamcheka.

"Mama, nguchiro gani anayechagua majogoo tu? Hata kwenye sinema waliokufa ni madume wenye sauti kubwa."

Lo, ujinga huo! Kuku majike wamefungiwa bandani, jogoo kalala juu ya uzio. Huyo nguchiro amchague nani?

Basi asubuhi moja nikauchukua mkasi wa Marijani nikate pindo, nikaona damu kwenye kiungo chake. Nikamtazama ndugu yangu, anashona kifungo huku anapiga mluzi, nikasema kimoyomoyo: ni yeye, sinema ilisema mkasi. Nilikuwa nimeshasahau kabisa kuwa mkasi niliuongeza mie.

Kufumba na kufumbua akafa jogoo wa Jumbe mwenyewe. Jumbe akaita watu wote uani kwake. Hakuna aliyetutaja, ila macho yote yalikuwa kwetu, na mtu mmoja kando yangu alikuwa akichezesha vidole viwili kama anakata kitambaa.

"Aliyefanya aseme," akasema Jumbe. "Asiposema, mafundi wote wawili wahame Temeke, na mama yao."

Nikamfikiria Mama akibeba mikeka yake uzeeni. Nikamfikiria Marijani, ndugu yangu wa tumbo moja, aliyeharibiwa akili na sinema. Nikasimama, nikaweka kofia sawa.

"Ni mie," nikasema, kwa sauti ya kutetemeka ambayo, nisidanganye, niliipenda. Nikangoja. Nilijua sasa Marijani ataruka, atalia, atasema hapana, mwacheni, ni mimi. Kwenye sinema angefanya hivyo.

Marijani akasimama kweli. Akaninyooshea kidole.

"Ni huyu," akasema. "Nimemwona kwa macho yangu, alfajiri, akinyemelea kisimani kwa Jumbe."

Toba! Nani atakataa sasa, na mie nimeshakubali?

"Posa imevunjika," akasema Jumbe. "Mtieni ghalani mpaka wazee waamue."

Nikafungiwa kwenye ghala lake la nazi. Humo ndani nilimsikia Hamisa akilia uani, nami nikalia, kilio cha kweli safari hii, bila kuipima sauti. Ushujaa wangu uliishia hapo. Nilimtaka Hamisa, na nilikuwa nimempoteza kwa kosa la mtu ambaye hata asante hakusema.

Asubuhi nikasikia kelele: jogoo mwingine amekufa! Nikarukaruka juu ya makumbi ya nazi. Nimefungiwa mie, jogoo kafa, basi si mie! Nikaanza kugonga mlango. Nje mtu akapaza sauti.

"Si ndiyo ile sinema! Pacha ameiga ili nduguye aonekane hana hatia!"

Yalikuwa maneno yangu yote, hata pale pa kushusha pumzi. Mlango ukafunguliwa, Marijani akasukumwa ndani, ukafungwa.

Tukakaa, huyu huku na yule kule. Mwisho akasema, "Kwa nini ulikubali?"

"Nilidhani ni wewe. Mkasi wako ulikuwa na damu."

"Damu ya samaki hiyo! Niliona uvivu kutafuta kisu."

"Samaki? Kwa mkasi wa kitambaa?" Wallahi, hapo nilikasirika kuliko nilivyokasirika kwa ajili ya wale majogoo. "Fundi gani wewe?"

"Na wewe alfajiri ulikuwa unanyemelea nini?"

"Nilikuwa nikimchungulia Hamisa akiteka maji."

Akanipa mgongo. Mie ni mzito wa kuelewa, nikaendelea kuchimba. "Na wewe uliniona vipi? Ulifuata nini kisimani saa ile?"

Marijani akaokota kifuu, akakigeuzageuza. "Nilikuwa nikienda kabla yako," akasema. "Nilimpenda kabla hujamposa. Wewe una mdomo, ukawahi."

"Ndiyo maana ukanisingizia?"

"Sikukusingizia. Niliamini ni wewe. Ila kusema hakukuniuma, na hilo ndilo linaloniuma sasa."

Nikatupa kumbi kwa hasira kwenye lundo la pembeni, na lundo likatikisika. Ikatoka pua iliyochongoka, kisha mnyama mzima, mkia mrefu, manyoya ya jogoo yamemganda mdomoni. Tukatazamana naye, wauaji watatu wa Temeke.

"Nguchiro!" tukapiga kelele kwa pamoja.

Jumbe akadhani tunauana. Akaufungua mlango kwa pupa, na nguchiro akampita katikati ya miguu, akakatiza uani mbele ya watu wote, manyoya ya jogoo yakidondoka nyuma yake. Tulipoliondoa lile lundo tukakuta pango lake, lenye tundu la kutokea nje, limejaa manyoya, hata yale mekundu ya jogoo wa Jumbe. Mama alisimama langoni, mikono kiunoni, wala hakusema kitu. Afadhali angesema.

Jumbe aliona haya. Akatutazama tulivyojaa vumbi la makumbi kuanzia kope mpaka kucha, hata Mama hakuweza kututambua.

"Mmoja wenu alibeba kosa lisilo lake mbele ya watu," akasema. "Binti yangu nampa huyo. Ni yupi?"

Hotuba yangu ilikuwa tayari. Nikafungua mdomo, vumbi likanipalia, nikakohoa mpaka machozi. Maisha yangu yote nimesema pasipohitajika, na pale pa kusema neno moja tu nakohoa! Nikamwona Marijani anamtazama Hamisa, aliyesimama mlangoni kashika khanga yake kwa mikono miwili. Angesema "ni mie" nani angembishia? Mie? Neno langu Temeke nzima lilikuwa halina thamani tena.

Marijani akaninyooshea kidole, kile kile.

"Ni huyu," akasema.

Harusi ilikuwa bila jogoo, tulikula samaki. Mama alishika mila yake: kanzu mbili, kitambaa kimoja. Nilizishona mwenyewe, na ya Marijani niliidarizi shingo kwa mkono, kazi ambayo yangu haikuipata.

Mama akaziweka kando kwa kando. "Vya pacha lazima vilingane," akasema.

"Havilingani, Mama," nikasema. "Havitalingana."

Marijani akaivaa, akanishika mkono, akanipeleka mpaka nyumbani kwa bibi harusi. Njia nzima watu walinitania wakitaka niwasimulie ile sinema, na mie sikuwa na la kusema.