Matone Katika Dumu

Tangu lori lilipovuka mpaka wa Kasesya na kuingia Zambia, Kristiana hakumwondolea macho Herieth. Wote wawili waliuza mitumba katika soko la Mazwi, ila Herieth alihamia kutoka Mbeya, na hii ilikuwa safari yao ya kwanza pamoja. Herieth hakula chochote njiani, hata embe lililokwisha menywa. Kila walipochota maji, aliwapa watu mgongo, akatoa kichupa kifuani na kudondosha matone kwenye dumu. Kisha akamkaribisha Kristiana, "Kunywa, dada."

Kristiana alishukuru kwa mdomo tu. Akipata upenyo, aliyamwaga maji hayo. Yalikuwa na harufu asiyoijua, na mwenye nia njema anaficha nini? Alishasikia habari za wafanyabiashara waliofungwa akili kwa uchawi, wakarudi mikono mitupu huku wenzao wakishusha marobota.

Walipofika Mbala kiu ilimshinda. Akanunua munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika kikombe kilichopita midomo ya soko zima. Asubuhi iliyofuata hakubanduka chooni. Alikuwa akitoa maji meupe kama ya kuoshea mchele, na miguu ikamkaza.

"Umeniweza," alimwambia Herieth.

"Kwa lipi?"

"Hayo matone yako."

Herieth alitoa kichupa chake. Akadondosha matone kwenye maji, akasubiri, akanywa yeye kwanza. "Ni klorini, dawa ya kusafisha maji. Nesi ndiye aliyenipa, kwa sababu huku kuna kipindupindu."

"Mbona unaificha?"

"Mimi mgeni kwenu. Ningekwambia natia dawa kwenye maji, ungekunywa?"

Herieth akachanganya sukari na chumvi katika maji yaliyochemshwa, akamnywesha. Kristiana alitapika, akanywa tena. Kisha akapakiwa kwenye baiskeli mpaka hospitali, akatundikiwa dripu, na Herieth hakuondoka hadi mgonjwa alipokaa mwenyewe.

Kristiana alirudi Mazwi amekonda, na minong'ono ikaanza kuwa Herieth amemroga. Mama mkwe wake, Tereza, alimkalisha chini.

"Usisafiri tena na yule wa Mbeya."

"Mama, nilikunywa munkoyo mchafu. Yeye ndiye aliyeniokoa."

"Hayo ndiyo aliyokufundisha kusema?"

Kumbe hata ushuhuda wa Kristiana mwenyewe sasa ulitiliwa shaka. Lakini siku utingo wa lori alipoita abiria wa Kasesya, Kristiana alipanda na kuketi ubavuni mwa Herieth, mama mkwe akiwatazama wote wawili.