Spika za Baba Jun

Siku moja kabla ya Rodelio kurudi melini, mkewe Marivel alimburuta mpaka kwenye duka la vifaa vya simu pale mjini Iloilo, Ufilipino, kumtafutia spika za masikioni zisizo na waya. Rodelio ni fundi wa injini, na chumba anacholala kiko juu ya injini hiyohiyo. Akipigiwa simu, sauti ya mkewe humfikia nusu, nusu nyingine humezwa na mngurumo. Ndoa yao imepita hivyo: "Unasemaje?" na "Nimesema, umekula?"

Marivel alikuwa na neno moja kifuani: asiende. Hajawahi kulitamka. Kila safari humfungia samaki wakavu, humtania, humsukuma mlangoni akicheka, kisha hurudi ndani akaulowesha mto wa kitanda kwa machozi. Mama yake alimfunza kwamba mke wa baharia halii mbele ya mumewe. Marivel ni mbishi wa kuzaliwa, na katika mafunzo yote ya mama yake alitii hilo tu.

Muuzaji, binti aitwaye Glaiza, aliweka jozi mbili kaunta.

"Nyeusi sauti yake tamu, kaka, besi inagonga mpaka tumboni. Nyeupe sauti imepoa kidogo, ila kwa kuzima kelele hazina mpinzani."

"Nitajuaje?"

"Geuka utazame kule. Dada atasema lolote nyuma yako. Ukisikia, hazifai."

Rodelio akavaa nyeusi, muziki ukaanza.

"Kitambi chako kimetutangulia kuingia dukani," Marivel akasema.

"Nimesikia, mama Jun. Na umekilea mwenyewe."

Glaiza akacheka, akampa nyeupe. Safari hii Rodelio alifumba macho, mabega yakashuka. Marivel akatazama kisogo chake, na mvi zilizoota akiwa mbali. Akawa na hamu ya mtu huyu, na mtu mwenyewe yuko hapo, angenyoosha mkono angemgusa.

"Sema, dada," Glaiza akahimiza.

"Usiende," Marivel akasema. "Nimechoka kuolewa na simu. Baki tuuze hata samaki sokoni. Usiende, Rodelio."

Glaiza aliacha kutafuna ubani wake. Rodelio hakutikisika. Baadaye kidogo akazivua, uso umemchangamka.

"Hizihizi. Sijasikia hata chembe. Ulisema nini?"

Mzaha ulikuwa tayari ulimini. Lakini neno likishatoka mara moja, kulirudisha kifuani ni kazi. Marivel akalirudia lote, akimtazama usoni.

Rodelio akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Kila nikiondoka unacheka, unanisukuma," akasema polepole. "Nikajua umenichoka. Ndiyo maana nasaini mkataba juu ya mkataba. Nikaona bora niwe mgeni anayetuma pesa kuliko mume asiyetakiwa."

"Nani kakwambia sikutaki?"

"Na wewe nani kakwambia napenda kwenda?"

Marivel aliona miaka yao yote imepita huku kila mmoja akimficha mwenzake kitu kilekile, na ikamuuma sana.

"Na mkataba huu wa kesho?" akauliza.

"Nilishatia saini. Miezi tisa."

Rodelio akamshika mkewe mkono, akaukaza. Glaiza akauliza kwa sauti ya chini awafungie zipi.

"Nyeupe," Marivel akasema. "Asikose hata neno."