Kifutio Alichoniwekea Kidoti

Kidoti alinifundisha kompyuta kwa upendo, na hilo sitalikana. Alikuwa akitoka kazini anavua viatu mlangoni, anakuja moja kwa moja chumbani kwangu kabla hata hajamsalimia mama yake, yaani binti yangu, ninayeishi kwake. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani ya ofisini kwao, ina ufa mdogo kwenye kona ya kioo, na herufi moja imefutika kwa kubonyezwa sana. Tuliiweka juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, chaki na mkasi tukavisogeza kando ya cherehani.

"Shikamoo, mke mwenzangu," aliniambia siku ya kwanza, kwa ule utani wetu.

"Marahaba. Mume tuliyekuwa tunamgombea alishakufa, hebu kaa unifundishe."

Kilichonisumbua mwanzoni ni vichupo. Kila nilipotaka kufungua ukurasa mpya, niliufunga kwanza ule wa zamani, kama ninavyoondoa nguo ya mteja mezani kabla sijatandaza nyingine. Kidoti alicheka mpaka akashika ubavu.

"Bibi, huo ukurasa umekukosea nini? Uache hapo! Ona hapa juu, hii alama ya kujumlisha. Bofya. Umeona? Kimefunguka kichupo kingine, na kile cha kwanza kipo palepale kinakusubiri."

"Hakitapotea?"

"Mpaka ukifunge mwenyewe."

Nikaelewa kwa njia yangu. Nguo zote zimetundikwa kwenye kamba, lakini iliyo chini ya sindano ni moja tu; ukitaka nyingine unainua mkono unaitwaa. Baada ya hapo nikawa na vichupo vyangu vitatu ambavyo sikuvifunga kamwe. Kimoja cha hali ya hewa, maana nguo za watu huanikwa. Kimoja cha nyimbo za ujana wangu. Na cha tatu, nilichokipenda kuliko vyote, kilikuwa ukurasa wa watu wanaotengeneza cherehani za zamani.

Kwenye ukurasa ule hakuna aliyetumia jina alilopewa na mama yake. Mimi nilijiita Bibi Pindo. Kulikuwa na mwanamke mmoja muuza vifungo, maneno yake hayaishi, akijiita Mama Vifungo. Na kulikuwa na Fundi Bobini.

Nilimjua kwa sababu ya cherehani yangu. Ilikuwa inaacha vitanzi chini ya kitambaa, nikaandika kuuliza. Wengine wakaniambia ninunue mpya. Yeye akaandika: "Bibi Pindo, cherehani yako haiumwi, inadeka. Toa kibati cha sindano, pangusa uchafu, tia mafuta kidogo." Nilifanya hivyo, vitanzi vikapungua lakini havikuisha. Kumbe anakaa mji huuhuu, basi akaja mwenyewe na mfuko wake wa bisibisi. Shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, mikunjo miwili mgongoni. Nikajua ni mgane kabla hajasema.

Alikaa kwenye kigoda changu, akaifungua mashine taratibu, kila skrubu akaiweka juu ya kitambaa kwa mpangilio ilivyotoka. Nikapenda hilo. Tukanywa chai. Binti yangu akarudi, akasimama mlangoni na mkoba begani, akamsalimia kama anavyosalimiwa mtu aliyekuja kusoma mita.

"Mama, watu watasema nini?" aliniuliza mgeni alipoondoka.

"Watasema cherehani imepona."

Hakucheka. Yeye ana moyo mzuri, lakini anampenda marehemu baba yake zaidi tangu afe.

Tangu siku ile mimi na Fundi Bobini tukawa tunaandikiana palepale ukurasani, mbele za watu, mambo ya mikanda na magurudumu, na katikati yake mambo mengine. Mimi sina simu, na ya nyumbani hupokelewa na binti yangu, kwa hiyo ndiyo ilikuwa njia. Jioni moja akaandika kwamba mwanawe anamtaka akaishi naye mji mwingine, mbali, amemjengea na chumba. "Sitaki kwenda kabla sijakuuliza jambo," akaandika. "Nipe siku chache nitafute maneno. Mimi ni fundi wa vyuma."

Jambo gani, nilijua. Na jibu langu nilikuwa nalo tayari, limekaa mdomoni kama pini ninaposhona. Lilikuwa ndiyo. Nimekaa mjane miaka mingi nikiwa mama wa watu na bibi wa watu. Nilitaka kukaa na mtu anayenicheka usoni.

Nilimwambia Kidoti peke yake. Nilimshika mkono kabisa.

"Ibaki hapa hapa, kati yako na mimi. Mama yako nitamwambia mwenyewe, siku yake ikifika."

Akanikumbatia, akanizungusha karibu tuangushe meza. "Mke mwenzangu anaolewa! Na mimi nani atanioa? Haya, siri. Kaburini."

Kesho yake alikuja mapema kuliko kawaida. Hakunitania. Akasema kompyuta yangu imejaa matangazo, ataniwekea viendelezi.

"Ndiyo nini hivyo?"

"Kivinjari, hiki tunachofungulia kurasa, ni kama cherehani yako, bibi. Inashona hivyohivyo ilivyo, lakini ukitaka kutia zipu unabadilisha mguu, si ndiyo? Kiendelezi ndiyo huo mguu. Unakiongeza, kivinjari kinafanya kazi ambayo hakikuwa kinafanya. Hiki kitaondoa matangazo."

Nilifurahi jinsi alivyonielezea kwa lugha ya kazi yangu. Akabofya huku na huku, mgongo wake umenikinga nisione vizuri, nikaenda kumtengenezea chai. Matangazo kweli yakaisha. Hata yule mwanamke wa mafuta ya nywele aliyekuwa anaruka pembeni akatoweka.

Na Fundi Bobini naye akatoweka.

Sikustuka mara moja. Alisema siku chache. Nikawa nafungua kichupo changu cha tatu asubuhi kabla ya kufunua cherehani, na jioni baada ya kuifunika. Hakuna. Nikaandika, "Fundi Bobini, umzima?" nikabonyeza kutuma, nayo maneno yangu mwenyewe sikuyaona yakitokea. Nikadhani nimekosea kubonyeza. Kuandika mara ya pili uso ulinikataza. Mwanamke wa umri wangu hamkumbushi mwanamume kuposa.

Lakini kulikuwa na kitu kimenikaa vibaya, kama mshono uliopotea njia. Watu ukurasani walikuwa wanacheka na mtu nisiyemwona. Mmoja ameandika, "Hahaha, mzee umeniua mbavu," na juu yake hakuna kichekesho. Mwingine ameandika, "Asante fundi, imekubali," na hakuna aliyemwelekeza chochote. Ilikuwa kama kusikiliza mtu akiongea na simu chumba cha pili: unasikia upande mmoja tu.

Nikamwonyesha Kidoti. Akatazama kioo, halafu akatazama kucha zake.

"Labda wanafuta maneno yao, bibi. Wazee wakinyamaza ndiyo wamenyamaza hivyo. Usijitese."

Nikanywea. Nikalala nikijiona mjinga mkubwa, kizee kilichojipamba kwa ajili ya harusi ya mtu mwingine.

Aliyenifumbua macho ni Mama Vifungo, na ulimi wake ule. Asubuhi moja nikakuta ameniandikia: "Bibi Pindo, umemwua mzee wa watu. Kakuandikia hapo juu, sote tumesoma, tulikaa kimya tukikusubiri, na wewe unauliza bei ya zipu! Kama humtaki ungemwambia, siyo kujifanya kipofu."

Nilivua miwani nikaifuta kwa khanga. Nikavaa. Hapo juu hapakuwa na kitu.

Basi nikafanya kama nilivyofundishwa. Sikufunga ukurasa. Nikafungua kichupo kipya, nikaandika taratibu, herufi moja moja: kwa nini sioni maneno ya mtu mmoja ambayo wenzangu wanayaona. Majibu yakaja mengi, nikayasoma yote, na moja likasema nitazame viendelezi vyangu, maana vipo vinavyoficha maneno. Pembeni juu kulikuwa na kialama kama kipande cha ile michezo ya kupanga picha. Nikabofya. Vilikuwa viwili. Cha matangazo, hicho nilikijua. Na kingine chini yake, kina picha ya kifutio, kama kile cha watoto wa shule.

Nilikibofya. Kikafunguka kisanduku, na maelezo mafupi kwamba andiko lolote lenye neno utakaloliweka hapa halitaonekana tena. Ndani ya kisanduku kulikuwa na neno moja tu: Bobini.

Pembeni yake kulikuwa na swichi. Nikaizima. Nikarudi kwenye kichupo changu cha tatu, nikakipakia upya, na maneno yake yakaja yote kwa pamoja, yakisukumana. Salamu yangu ya umzima ilikuwepo, na chini yake jibu lake: "Mzima, nakusubiri wewe." Kulikuwa na vichekesho vyake. Kulikuwa na posa yenyewe, imeandikwa vizuri kuliko alivyodai anaweza. Kulikuwa na namba yake ya simu, iwapo kuandika kunanichosha. Na la mwisho, la wiki iliyopita: "Bibi Pindo, nimekuelewa, na sikulaumu. Mwanangu amekuja na gari. Niombee safari njema."

Nililisoma hilo la mwisho kwa sauti ili nisikie mtu akilisema.

Kidoti aliporudi kazini sikumwitikia shikamoo. Nilikuwa nimekigeuza kioo kielekee mlangoni, kisanduku kikiwa wazi. Akasimama na kiatu kimoja mkononi.

"Bibi..."

"Nani aliweka neno hili?"

"Mama alinibana. Aliniona nina furaha, akaniuliza, nikashindwa kudanganya."

"Ukashindwa kumdanganya yeye."

Akaanza kulia. "Alisema yule mzee anatafuta mahali pa kufia. Nilidhani ungesahau, bibi. Nilidhani ni mambo ya mtandao tu."

"Nilikuuliza. Nilikuonyesha kwa kidole hapa, ukaniambia wazee wakinyamaza wamenyamaza."

Nikamwambia atoe simu yake, apige ile namba. Akapiga. Ikaita, ikapokelewa, nikaisikia ile sauti yenye kikohozi kidogo mwanzoni.

Nilimweleza. Nilieleza vizuri kadiri nilivyoweza: kiendelezi, kifutio, neno kwenye kisanduku.

"Bibi Pindo," akasema kwa upole, "kitu kama hicho kipo kweli? Na aliyekiweka ni mjukuu huyo uliyekuwa unanisifia kwamba anakufundisha kwa roho moja?"

"Ndiyo huyohuyo. Yupo hapa. Msikie mwenyewe."

Nikampa Kidoti simu. Mama yake alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni na mkoba begani, palepale aliposimama siku ile. Kidoti alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akamtazama tena mama yake.

"Shikamoo, babu," akasema. "Bibi... bibi siku hizi anasahausahau. Tusamehe kwa usumbufu."

Nilisikia ile sauti ikisema, "Maskini. Mtunzeni." Halafu simu ikakatika.

"Mama, tunakulinda," binti yangu akasema.

"Nilikulea mimi," nikamwambia. "Najua kulinda kulivyo. Tokeni chumbani kwangu."

Wakatoka. Nilishika kipanya taratibu, maana hakitaki haraka. Nikarudi kwenye kile kifutio. Kuzima swichi hakukunitosha. Nikatafuta mpaka nikaona palipoandikwa ondoa. Kikaniuliza kama nina uhakika. Nikakijibu.

Kisha nikaandika ukurasani, mbele ya Mama Vifungo na wote. Nikaeleza kifutio kinapatikana wapi, kinawekwaje, ili asiyeamini ajaribu kwa jina langu aone nitakavyotoweka. Mwisho nikaandika kwamba jibu langu kwa Fundi Bobini lilikuwa ndiyo tangu kabla hajauliza, na kichwa changu hakina tatizo.

Mama Vifungo akajaribu. "Jamani ni kweli! Bibi wa watu amefutika wote!" Wengine nao wakajaribu. Fundi Bobini akajibu kesho yake asubuhi.

"Nimekuamini, na naomba radhi kwa kuwaamini wao. Lakini chumba changu cha huko kwenu nimeshamwachia mtu, na vifaa vyangu nimegawa. Mwanangu ameacha kazi siku mbili kunihamisha, sina uso wa kumwambia anirudishe. Jibu hilo ningelipata siku ile, ningebaki."

Kidoti alikuwa nyuma yangu, ameingia bila kubisha, amesoma na yeye. Nikasikia anavuta makamasi.

"Kamwambie mama yako ameweza," nilimwambia bila kugeuka.

Tunaishi nyumba moja bado. Asubuhi Kidoti ananipa shikamoo, nami namwitikia marahaba, kwa kuwa salamu hanyimwi mtu. Hatuitani tena mke mwenza. Na akiniambia nje mvua inanyesha, naacha mshono katikati, nanyanyuka na magoti yangu haya, naenda dirishani kutazama.