Maji Kinywani mwa Mjomba

Okito hakuwa mtu wa kukasirika ovyo, lakini asubuhi ya arusi ya Pélagie alikuwa amejaa hasira. Kisa ni padri wa Kizungu, mompe kama walivyomwita. Jumapili iliyopita, mbele ya wakristo wote wa Kindu, padri alitangaza kwamba bibi arusi atakayetemewa maji na mjomba wake hatafungishwa ndoa. Ni ushenzi, alisema, tena ni uchafu.

Uchafu! Okito alikuwa mtu wa reli. Mwezi uliopita wazungu walileta kichwa kipya cha treni, na padri huyo huyo akaja kukibariki. Alikirushia maji mbele, ubavuni, mpaka kwenye magurudumu, na aliyemshikia ndoo ya maji ya mto Lualaba ni Okito mwenyewe. Chuma kikabarikiwa bila hata kuomba. Lakini Pélagie, mtoto wa dada yake, aliyemlea tangu baba yake afariki, yeye ni marufuku. Huo ni uungwana gani?

Kwao msichana haendi kwa mume bila mjomba. Hupiga magoti, mjomba hutia maji kinywani, humpulizia kifuani na kumtakia uzazi na amani. Ila kuna sharti, na halina mzaha: kinywa chenye hasira hakibariki. Mwenye kinyongo, hata kama ni kwa jirani, hukisema kwanza hadharani mpaka moyo utulie. Akipuliza kabla ya hapo, maji hugeuka laana, na laana humpata aliyepiga magoti.

Kesho yake Pélagie alikuwa apande treni kwenda Kongolo na mumewe, Gérard. Angeendaje bila baraka?

"Tungoje misa iishe," alisema Scholastique, mama yake Pélagie. "Ndoa ikisha kufungwa, nani ataifungua?"

Basi misa ikaisha. Nje ya mlango wa kanisa Pélagie akapiga magoti na gauni lake jeupe, na Scholastique akampa kaka yake kibuyu cha maji. Padri akatoka mbio.

"Okito! Nilikataza!"

"Ulikataza, mompe, na mimi niko na hasira na weye," Okito akasema. "Ulibariki masini. Masini iko na tumbo ya kuzaa? Mimi njo nilikushikia ndoo! Maji yako ilitoka mu Lualaba, na hii yangu ilitoka mu Lualaba. Sasa uchafu njo nini? Kinywa yangu?"

Hakuna aliyewahi kumsikia mtu mweusi akimwambia padri maneno kama hayo. Okito mwenyewe alisikia kifua kikimlegea, pumzi ikimshuka vizuri. Ameyatoa. Akatia maji kinywani, akamwinamia Pélagie.

Ndipo padri akacheka. Alimgeukia Gérard akasema, "Acha wazee wacheze. Bibi yako atanawa."

Hasira ikarudi mara kumi. Ile ya kwanza ilikuwa na maneno, akaisema. Hii ilitaka ngumi, na ngumi kwa mzungu ni fimbo na gereza. Okito alisimama mashavu yamejaa, macho yamemwiva. Chini yake Pélagie alifumba macho, kifua mbele, akingoja. Kupuliza sasa ni kumwangamiza.

Akayameza.

"Vizuri sana, Okito!" padri akasema kwa furaha ya kweli. "Leo umeshinda ushenzi."

Pélagie akafumbua macho. Akajipapasa kifuani, pakavu.

"Mujomba," akauliza taratibu, "uko na hasira na mimi?"

Okito alifungua mdomo amjibu, lakini padri alikuwa amekwisha kumwekea Pélagie mkono kichwani, anambariki.